Ziwa Moja au Maziwa Matatu: Mhadhara juu ya Kutafuta Elimu katika Njia ya Misafara



Nimetakiwa ninene juu ya tarehe ya uchunguzi wa kielimu katika mataifa mbalimbali ya ulimwengu, nami, kwa kuwa mada hiyo imepanuka kupita kiasi cha jioni moja, naomba ruhusa yenu niianzie hapa hapa Tabora. Si kwa kutaka kuwapendeza wenyeji, ijapokuwa wenyeji wa mji huu wastahili kupendezwa, bali kwa sababu katika mji huu, zama ulipokuwa ukijulikana kwa jina la Kazeh, lilianza kufumbuliwa fumbo la jiografia lililowasumbua wataalamu tangu siku za Wayunani, na namna lilivyofumbuliwa yatufunza tabia ya elimu yenyewe kuliko vitabu vingi vinavyoanzia Athens na kukomea London.

Fumbo lenyewe lilikuwa katika ramani. Mwaka 1854 mmisionari mmoja wa Kijerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga kwa muda wa miezi kadhaa, na kazi yake kubwa huko ikawa ni kuwasikiliza watu wa misafara. Akawauliza habari za bara, akaziandika, kisha yeye na mwenziwe Johannes Rebmann wa Rabai, yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 akakanushwa na mabwana wa London ambao hawakupata kuondoka vitini mwao, wakazikusanya habari hizo na kuchora ramani ambayo ilichapishwa Ujerumani, na mwaka 1856 ikajadiliwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Katikati ya ramani hiyo palikuwa na ziwa moja tu, refu, nene, lililopinda, limetanda tangu karibu na ikweta hadi mbali sana kusini, na umbo lake lilikuwa la konokono aliyevuliwa gamba, hata wasomaji wa Ulaya wakalifanyia mzaha.

Kosa hilo halikuwa la kipumbavu, na mimi sipendi kumcheka Erhardt. Aliyekwenda bara kwa njia ya Pangani alimwambia kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa ambayo ng'ambo yake haionekani. Aliyetoka Bagamoyo, akapita Ugogo na Unyamwezi hata akafika Ujiji, alisema vivyo hivyo. Na aliyetoka Kilwa akazikata nchi za Wayao hakusema vingine. Mashahidi watatu, hawajuani, wametoka bandari mbalimbali, na maneno yao ni mamoja: ni nani asiyesadiki? Erhardt na Rebmann wakayaunganisha maji yote matatu yakawa maji mamoja. Kila shahidi alikuwa amesema kweli. Batili ilikuwa katika kule kuungwa kwao, kwa sababu hapakuwa na mtu pale pwani aliyeweza kuwaketisha mashahidi hao katika baraza moja na kumwuliza kila mmoja mbele ya wenziwe: maji yako wewe, ukitoka kwenye maji ya huyu, ni mwendo wa siku ngapi, na njiani wapita nchi ya nani?

Baraza hilo lilikuwa Kazeh.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, na ile ramani ya konokono walikuwa nayo, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne. Mwenyeji wao alikuwa Sheikh Snay bin Amir wa ukoo wa Kiharthi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, maana tusiifiche biashara hiyo ilivyokuwa, lakini tena mtu msomi, mwenye hifadhi kubwa ya mambo, ambaye mwaka 1852 alikuwa amekwisha kufika hata baraza la Kabaka Suna wa Buganda. Wageni walipomkunjulia ramani yao, yeye hakushangaa wala hakubishana nao sana. Aliwaambia tu kwamba maziwa si moja bali ni matatu, la kusini mbali, la Ujiji mbali, na la kaskazini, lile la Ukerewe, mbali tena, na kwamba hilo la kaskazini ni kubwa kupita la Ujiji. Kazi ya miaka ya Ulaya ikavunjwa kwa mazungumzo ya barazani, kahawa ikinywewa.

Kwa nini Snay alijua jambo ambalo Tanga halikujulikana? Hakuwa na akili kupita watu wa Tanga. Alikuwa amekaa mahali ambapo njia zinakutana. Kutoka Kazeh njia moja yaelekea magharibi hata Ujiji, nyingine yapanda kaskazini hata Karagwe na Buganda, nyingine yateremka kusini-magharibi kuelekea Ufipa, na ya nne ndiyo ile irudiyo pwani. Kwa hiyo msafara uliotoka Ujiji ulipiga kambi hapa kando ya msafara uliotoka Karagwe, na wapagazi wa huku na wa huku wakaota moto mmoja. Mtu akisema uongo juu ya umbali, palikuwapo wa kumsuta usiku ule ule.

Na wapagazi hao, jamani, msiwadharau katika jambo la vipimo. Mnyamwezi aliyebeba pembe ya frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, hupima nchi kwa mwili wake: ajua ni kambi ngapi baina ya maji na maji, ni siku ipi ya kuondoka alfajiri na ipi ya kuondoka alasiri ili kuvuka pori kavu wakati wa baridi, na ni mto upi wavukika Septemba usiovukika Machi. Kirongozi wa msafara aliyekosea hesabu ya visima aliua watu. Hesabu ya namna hii haiandikwi kwa digrii, walakini imejaribiwa mara nyingi kuliko vipimo vingi vilivyoandikwa, kwa sababu kila msafara ulikuwa ni jaribio jipya la maneno ya msafara uliotangulia.

Haya niliyoyasema ya kumkabilisha shahidi kwa shahidi hayakuzaliwa Kazeh, na hapa ndipo nitakapoifungua kidogo ile mada kubwa niliyopewa. Ptolemy wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 2, alisema kwamba Mto Naili watoka katika maziwa yanayojazwa na theluji ya Milima ya Mwezi; naye habari za pande hizo za maziwa alizipokea kutoka kwa mwandishi aliyemtangulia, na huyo alizipata kwa mfanyabiashara mmoja, Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India akasukumwa na upepo hadi karibu na Rhapta, bandari ya pwani yetu hii. Tazameni msingi wenyewe: baharia mmoja, safari moja, tena safari ya kupotea. Hata hivyo maneno hayo yalidumu kwa miaka elfu na zaidi. Waarabu waliyapokea, al-Khwarizmi akayatia katika kitabu chake cha sura ya ardhi katika karne ya 9, na al-Idrisi, aliyemtumikia mfalme Roger wa Sicily, akayachora upya mwaka 1154. Lakini kupokea kwao hakukuwa kupokea tu. Al-Khwarizmi aliupunguza urefu wa Bahari ya Kati ambao Ptolemy alikuwa ameuzidisha mno. Na al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu na mwaka 1040, alitunga kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy, akinena humo kwamba mtafuta haki hapaswi kuwaamini wa kale kwa ukale wao, bali ayashitaki maneno yao, na asiisahau nafsi yake mwenyewe katika kushitaki.

Wale kati yenu mliosoma chuoni mwaitambua tabia hiyo. Hadithi ya Mtume haipokewi kwa uzuri wa maneno yake. Huulizwa kwanza isnadi yake: nani kamsikia nani, walikutana wapi, huyu alikuwa mwaminifu, yule alikuwa msahaulifu uzeeni? Maulamaa waliolelewa katika kuuliza hivyo hawakuona taabu kumwuliza Ptolemy vivyo hivyo. Mimi nasema, na atakaye na anipinge, kwamba katika mambo yote ambayo elimu ya Ulaya iliyapokea kutoka nchi za Kiislamu, hili la kumhoji shahidi lilikuwa kubwa kuliko tarakimu za Kihindi, ambazo zenyewe ni zawadi ya mataifa mawili kwa pamoja, kwa maana kanuni za sifuri ziliandikwa na Brahmagupta huko India mwaka 628 kabla hazijafika Baghdad.

Mfano mmoja zaidi, kisha nirudi njiani. Mwezi wa Mei mwaka 997, al-Biruni alikuwa Kath, katika nchi ya Khwarazm, na Abu al-Wafa alikuwa Baghdad, nao walikuwa wameahidiana kwamba usiku mmoja wote wawili wautazame mwezi ukipatwa, kila mtu aandike saa ya mji wake. Mwezi hupatwa kwa watu wote wakati mmoja, ila saa za miji ni mbalimbali, na tofauti ya saa hizo ndiyo tofauti ya longitudo baina ya mji na mji. Hawakuhitaji kuonana, walihitaji kuaminiana, na kila mmoja kuwa na kipimo kilicho sawa na cha mwenziwe.

Miaka 860 baadaye Speke alijaribu kazi ya jamii hiyo hiyo katika nchi hii, kwa kupima umbali wa mwezi na nyota, kwa sababu saa walizozileta kwa ajili ya longitudo zilikuwa zimewaharibikia njiani moja baada ya moja. Basi wakafanya nini? Wakachukua risasi ya bunduki kubwa, wakaifunga kwenye uzi wa inchi 39 hivi, wakaining'iniza, ikawa timazi ibembeayo. Maana timazi ya urefu huo, kila iendapo upande mmoja, huchukua sekunde moja kamili. Galileo wa Italia ndiye aliyeichunguza tabia hiyo ya timazi, na Huygens wa Uholanzi akaitumia kuunda saa mwaka 1656, na katika pori la Unyamwezi mtu mmoja akahesabu mibembeo ya risasi huku mwingine ameyakaza macho juu ya mwezi. Nalitaja jambo hili kwa kirefu kwa kuwa vijana wetu hudhani kwamba hakuna uchunguzi pasipo mashine ya fedha nyingi.

Chombo chao kingine kiliwadanganya. Maji hutokota kwa joto dogo zaidi kadiri mtu apandavyo juu; hapa Tabora, tulipo kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, birika huchemka penye nyuzi 96 au karibu na hapo, wala si 100, na kila mpishi wa maharagwe hulipia jambo hilo kwa kuni pasipo kulijua. Msafiri mwenye kipimajoto aweza basi kuujua urefu wa nchi kwa kuchemsha maji. Speke alichemsha maji yake kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1858 akapata futi 1,844, ilhali ziwa hilo liko juu kupita futi 2,500. Chombo kilikuwa kibovu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akiwa ameondoka Kazeh peke yake na kumwacha Burton mgonjwa, alifika Mwanza, akayaona yale maji ya kaskazini ambayo Snay aliyasimulia, akachemsha tena, akapata futi 3,740, na safari hii alikaribia sana kweli, kwani vipimo vya leo havitofautiani na hivyo ila kwa futi chache. Papo hapo akanena kwamba ndiyo chemchemi ya Naili. Alikuwa amesibu, lakini kusibu si kuthibitisha: alikuwa ameuona upande mmoja wa ziwa kwa siku chache, na Burton aliyemkatalia alikuwa na haki ya kukataa, ijapokuwa hatimaye alikosa. Ilibidi Speke arudi na kuyaona maporomoko ya Jinja mwaka 1862, na Stanley alizunguke ziwa zima kwa mashua mwaka 1875, ndipo maneno yale yalipopata burhani.

Kosa la Burton lilikuwa jingine, nami naliona zito zaidi. Yeye na Speke walipokuwa Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, walitaka kujua juu ya Mto Rusizi: je, waingia ziwani au watoka? Iwapo watoka, basi yamkini ziwa hilo ndilo mama wa Naili. Kwanza walisikia kwamba watoka, wakafurahi. Kisha wakaja wana watatu wa mkuu wa nchi ile, wenyeji waliozaliwa kando ya mto wenyewe, na wote wakasema kwa kauli moja kwamba waingia. Na Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, akakiri kwamba habari ya kwanza ilikuwa imeeleweka vibaya. Burton aliyaandika hayo kwa uaminifu. Lakini mwaka 1864, alipogombana na Speke na kutaka ziwa lake lilishinde lile la Speke, aliwaweka kando mashahidi wake mwenyewe akashika kwamba Rusizi watoka. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi mdomo wa mto, wakatazama, na maji yalikuwa yakiingia, kama vijana wale watatu walivyosema miaka 13 nyuma.

Nimemtaja Bombay, na si haki kumpita. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akajifunza Kihindustani huko, akarejea Afrika akiwa huru. Na kwa kuwa Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, kila alichokielewa katika nchi hii kilipitia kinywani mwa Bombay, aliyekitia Kihindustani katika Kiswahili na Kiswahili katika Kihindustani. Alisafiri na Burton, na Speke tena pamoja na Grant, na Stanley, na Cameron, ambaye alivuka naye Afrika kutoka bahari hadi bahari, na mwaka 1876 Jumuiya ya Jiografia ya London ikamwandikia pensheni. Snay bin Amir hakupata kitu. Mwaka 1861 aliuawa katika vita vya wafanyabiashara wa Kiarabu na mtemi Mnywa Sele.

Sasa atasimama mtu aniulize: haya yote ni habari za wapitaji; je, wenyeji wa bara hawakuwa na uchunguzi wao? Walikuwa nao, tena wa kale. Uvinza, mahali msafara wa kwenda Ujiji ulipokuwa ukivuka Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbuzi wa mambo ya kale, John Sutton na Andrew Roberts, walipopachimba mwaka 1967 walikuta dalili kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, mito inapopungua na maji matamu yasiweze kuzimua ya chumvi. Maji yakachotwa, yakapikwa vyunguni mpaka yakaacha unga mweupe, na chumvi hiyo ikafikia masoko ya Ujiji, ya Tabora, na ya ng'ambo ya ziwa. Hapana aliyewapa watu hao kitabu. Walijaribu, wakakosa, wakajaribu.

Au twende kaskazini, Buhaya. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wamekwisha kuacha kuyeyusha chuma tangu siku nyingi waliombwa na Peter Schmidt na Donald Avery waijenge tena tanuri ya ujana wao; wakachimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyounguzwa, wakajenga juu yake tanuri ya udongo wa kichuguu, wakaingiza vibomba vya udongo hadi ndani kabisa ya moto, wakavuta mivukuto, na chuma kikatoka. Wachunguzi hao waliandika mwaka 1978 kwamba hewa ipitayo katika vibomba vilivyomo motoni huwa imekwisha pata joto kabla ya kuufikia mkaa, na kwamba hiyo ndiyo siri ya ukali wa tanuri. Wengine wamewapinga, wakisema hesabu ya joto haikubali. Ubishi huo haujaniudhi hata kidogo. Chuma cha Buhaya kimeheshimiwa zaidi kwa kubishaniwa hivyo katika majarida kuliko kwa kusifiwa majukwaani.

Lakini yako maneno ambayo wengine hawatayapenda. Udhaifu wa elimu ya mafundi wetu haukuwa upungufu wa majaribio, bali ulikuwa usiri. Mhunzi alimfundisha mwanawe, au mpwawe, akawakataza wengine. Dawa za kutilia tanuri na miiko ya tanuri zilifichwa pamoja na vipimo vya mkaa, hata asijue mtu lipi ndilo liyeyushalo na lipi ni la heshima tu. Ulaya nako mafundi walifanya vivyo hivyo kwa karne nyingi, na waliotafuta kugeuza risasi kuwa dhahabu waliandika kwa mafumbo makusudi wasieleweke. Elimu ya siri haina wa kuisuta, na isiyo na wa kuisuta hubaki ilipo, na mwenye nayo akifa huenda nayo. Elimu ya njia za misafara ilikuwa kinyume chake: kila mtu alikuwa nayo, kila mtu aliinena, na kila mtu alikuwa na haki ya kumwambia mwenziwe amekosa.

Kwenye njia hiyo ilikuwamo pia elimu ya maradhi. Watu wa misafara walijua tangu zamani kwamba kuumwa na papasi huleta homa, ile ipandayo, ikashuka, mtu akadhani amepona, kisha ikarudi. Livingstone aliwataja wadudu hao na ubaya wao katika kitabu chake cha 1857. Wasomi wa Ulaya waliyahesabu hayo kuwa maneno ya wapagazi hadi ulipofika mwaka 1905, ambapo Robert Koch, aliyekwisha gundua kijidudu cha kifua kikuu na ambaye mwaka ule ule alipewa Tuzo ya Nobel, alipita katika njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani akiokota papasi katika mavumbi ya vibanda vya kambi. Aliwapasua, akawatazama kwa hadubini, akakiona kijidudu chembamba kilichojisokota, na tena akakikuta hata ndani ya mayai ya papasi jike. Maana yake ni kwamba papasi huzaliwa na maradhi, na kibanda kilichohamwa muda mrefu chaweza kumtia homa mgeni atakayelala humo usiku mmoja. Aliona pia kwamba wenyeji walioumwa tangu utotoni hawadhuriki sana, anayedhurika ni mpita njia. Shauri lake lilikuwa jepesi: usilale katika vibanda vya kambi ya zamani, piga hema lako mbali navyo. Katika mwaka huo huo, huko Kasongo katika nchi ya Manyema, mahali ambapo njia yetu hii ya Tabora na Ujiji ilikuwa ikiishia, tabibu kijana Mwingereza, John Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo hiyo pamoja na mwenziwe Todd, alifariki kwayo mwezi wa Februari.

Nimeliacha makusudi hadi mwisho jambo la Mto Lukuga, kwa kuwa hapo mashahidi waligombana kweli kweli na hakuna aliyesema uongo. Ziwa Tanganyika laingiwa na mito mingi; je, maji hayo yatokea mlango gani? Mwezi wa Mei 1874 Verney Lovett Cameron, akisafiri ziwani kwa mashua, aliingia katika mlango wa Lukuga upande wa magharibi, akaona maji yakitoka polepole yakikwamishwa na majani, na mkuu wa mahali pale akamwambia kwamba mto huo wajulikana kwa watu wake kuwa wafika Mto Lualaba. Cameron akatangaza kwamba mlango umepatikana. Mwaka 1876 Stanley akafika pale pale, akapima, akakuta matope na mafunjo na maji yasiyokwenda popote. Akasema hapana mto utokao hapa bado, lakini utakuwapo, kwa sababu ziwa linapanda. Dalili yake ilikuwa ya mtu aliyetumia macho: miti aliyoiona imesimama katika soko la Ujiji mwaka 1871, alipokutana na Livingstone, sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji. Mwaka 1879 Edward Hore, nahodha aliyekuwa mmisionari Ujiji, akaenda Lukuga akakuta mto wenye nguvu, umekwisha vunja kizuizi chake, wakimbilia magharibi kuelekea Kongo, na katika miaka iliyofuata akapima jinsi maji yalivyokuwa yakishuka ufukweni mwa Ujiji.

Basi mto ulikuwapo, ukazibwa, ziwa likajaa, kizuizi kikavunjika, ziwa likashuka. Na kila msafiri alichukua siku moja ya mambo haya akaifanya kuwa sheria ya milele. Mwenyeji aliyemwambia Cameron kwamba maji yafika Lualaba alikuwa ameichukua miaka mingi zaidi, kwa hiyo alikuwa karibu zaidi na haki.

Tangu karibu na mwaka 2020 ziwa limepanda tena, likaingia majumbani na bandarini Kigoma, Bujumbura na Uvira, na wahandisi wa nchi zinazolizunguka wanauliza swali lile lile la 1874: Lukuga yapitisha maji kiasi gani, na ni kitu gani kinachoizuia? Vipimo vya kila siku vya kimo cha ziwa havianzi ila katika karne ya 20. Anayetaka kujua lilifanya nini kabla ya hapo hana budi kuvifungua vitabu vya Cameron na Hore, kuwahesabia maneno yao mwezi kwa mwezi, kuipima miti ya Stanley, na kuvikabilisha vyote hivyo na kumbukumbu za wavuvi wa Ujiji na wa Kalemie, ambao wazee wao walihama kutoka ufukweni na kurudi, na ambao bado waweza kumwonyesha mgeni nyumba zilisimama wapi.